Mama Atakwenda Likizo ya Boti kwa Miguu

27 Hawthorn Road,
Kettering,
Uingereza.

14 Machi 2019

Mpendwa Shangazi Thelma,

Salamu nyingi zikufikie huko Hobart, zikukute u mzima na goti lako limetulia. Kadi yako ya Krismasi ilifika Februari, nadhani ilikuja kwa kuogelea, lakini ilifika na tukafurahi. Sisi hapa hatujambo. Mvua haikatiki, bustani ya Mama imeshaanza kutoa maua ya manjano, na mume wangu Duncan ni yule yule, anakoroma usiku kucha na asubuhi anadai hakukoroma.

Macho ya Baba ndiyo yanayotusumbua. Najua kwenye simu anakuambia hayajambo, lakini usimsadiki ndugu yako. Katikati ya kila anachokitazama pana doa, na pembeni ndiko anakoona. Akikutazama usoni anaona masikio. Gari ameacha kuendesha tangu Novemba, alimpa Duncan funguo. Daktari hakutaka kumdanganya: kilichobaki kitazidi kupungua.

Sasa habari kubwa. Tumekodi boti la mfereji kwa wiki nzima mwezi Mei, sisi wanne, Baba na Mama, Duncan na mimi. Kwetu sote ni mara ya kwanza. Tutatoka upande wa Crick, tupite handaki lake, twende mpaka milango ya maji ya Foxton, ile inayopandisha maboti kilimani kama ngazi, kisha turudi. Wewe unajua kuliko mtu yeyote tangu lini Baba anaitamani safari hii. Ametuambia mlikuwa mkitoroka kanisani kwenda kutazama maboti ya makaa yakipita, na kwamba kinara wa utoro ulikuwa wewe. Mama anasema haamini. Mimi naamini kabisa.

Kilichotuzuia miaka yote hii ni Mama na maji. Alitumbukia kwenye bwawa la kinu akiwa mtoto, na tangu hapo hajapatana na maji yoyote yanayozidi beseni. Fungate walikwenda Kisiwa cha Wight, akavuka amefumba macho na amemng'ang'ania Baba koti mpaka mfuko ukachanika. Baba hakumshurutisha tena hata siku moja. Na bila yeye haendi popote. Husema likizo bila Avril ni kazi.

Lakini safari hii ana haraka, Shangazi. Anataka kuendesha boti angali anaona kitu. Haombi kingine. Aliniambia jikoni, huku anaifuta sahani ile ile ambayo alikwisha kuifuta, na mimi nikaenda chooni nikalia.

Tulijua Mama atakataa. Wala hakukataa. Aliwaza siku mbili, halafu mezani akamgeukia Duncan.

"Hilo boti linakwenda mwendo gani?"

"Mwendo wa mtu anayetembea, Mama. Ukizidisha watu wanakutukana."

"Na kando ya mfereji si kuna njia?"

"Ipo, mwanzo mpaka mwisho."

"Basi yamekwisha. Nyie pandeni boti. Mimi natembea."

Tukacheka. Yeye hakucheka. Kesho yake alinunua viatu, na tangu siku hiyo kila asubuhi anaizunguka bustani ya Wicksteed na mkoba wa viazi mgongoni ili azoee. Usiku atalala ndani ya boti, mradi limefungwa kamba mbele na nyuma, na mafundo ya Duncan ayakague yeye mwenyewe. Nikamwambia, haya, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Akasema kwanza awe na uhakika ngama yenyewe, huko tumboni mwa boti, imekauka maji.

Ila kwenye handaki njia inaishia mlangoni, kwa hiyo atapanda juu ya kilima walikokuwa wakipitishwa farasi waliovuta maboti zamani, na kutungoja upande wa pili. Baba aliposikia akapiga makofi. "Safi! Farasi tumeshapata." Mama akamjibu, "Farasi ndiye aliyekuwa anafanya kazi, Roland. Wewe kaa hapo unywe chai."

Mengine ya maandalizi usiulize. Duncan amenunua kofia ya nahodha na ramani ambayo haina kitu isipokuwa baa. Mama anapanga kuoka pai za nyama ya nguruwe za kulisha kikosi. Mimi nilidhani nitapumzika, kumbe kazi yangu ni kufungua na kufunga malango ya maji, ambayo kila moja lina gogo la kusukuma kwa makalio. Nimeona picha: wanaume wamesimama nyuma wameshika kikombe, wake zao wanasukuma. Duncan anasema ndiyo mila. Nimemwambia mila hiyo itavunjikia Foxton.

Jumamosi iliyopita tulikwenda yadi ya maboti kujifunza kuendesha. Mwenye yadi ni mama mmoja mnene mcheshi, Bi. Pargeter. Baba alimwambia habari za macho yake hata kabla ya kusalimiana vizuri, na nilimheshimu kwa hilo, maana angeweza kunyamaza. Bi. Pargeter akasema si neno, ila sharti awe na mtu wa kuwa macho yake wakati wote. "Tena si mtu wa kuona tu," akasema, "mtu ambaye utamsikiliza."

Kazi hiyo akaichukua Duncan, akasimama kando ya Baba. Boti lenyewe ni refu kuliko nyumba yetu na bustani yake, jembamba, na unaliendesha kutoka nyuma kabisa kwa kana, ule mkono wa usukani, ambao ukitaka kwenda kushoto unausukuma kulia. Duncan akisema kushoto, Baba anauliza kushoto ya boti au ya kana. Duncan anafikiri, na wakati anafikiri tumeshaingia kwenye matete. Baba akawaka. "Mwenye macho haambiwi tazama, eti! Mimi naambiwa na sielewi naambiwa nini!" Tukazidisha mwendo kujinasua, tukapita kwa kasi karibu na boti lililofungwa ukingoni, likayumba, na bwana mmoja akatoka nje, suruali inachuruzika. "We mzee, taratibu! Chai yangu yote hiyo!"

Hapo Baba akaondoa mkono kwenye kana. Akasema kwa upole kabisa, "Shika wewe, Duncan. Mimi basi." Shangazi, nimemwona baba yangu akizika wazazi wake, lakini uso ule sikuwahi kuuona.

Mama alikuwa njiani, sambamba na sisi, na mkoba wake wa viazi. Akapaza sauti mpaka bata wakaruka.

"Roland! Rudisha mkono! Nani kakwambia uache?"

"Avril, sioni."

"Najua huoni! Naona mimi. Pua ije kwangu. Kidogo, si hivyo, hulimi shamba! Haya, tulia. Tulia hapo hapo. Sasa ipeleke ng'ambo."

Na Baba akatii. Unakumbuka Mama ndani ya gari? Breki, Roland, taa nyekundu, Roland, yule bibi anavuka, Roland. Miaka yote ile sisi huku nyuma tukiziba masikio. Kumbe mkono wa Baba uliizoea sauti ile kuliko alivyojua mwenyewe. Mbele palikuwa na daraja la matofali, nafasi yake imebana kiasi kwamba Duncan alifumba macho, na tulipita katikati bila kugusa huku wala kule. Baba alikuwa akicheka kwa sauti. Bi. Pargeter akamwambia Mama, "Mume wangu ana macho yote mawili na hajawahi kupita pale hivyo."

Ila wakati wa chai Bi. Pargeter alitukumbusha handaki. Mle ndani hamna njia ya kando, na Mama akiwa juu ya kilima sauti yake haitafika. Kwa hiyo handakini lazima ashike Duncan. Baba akasema sawa, hana neno. Nawe unajua ana neno. Wewe ndiye uliyesimama naye mlangoni pa handaki lile mkipiga kelele za majina yenu ili yawarudie.

Jumatatu Mama akaniambia nimpeleke kubadilisha viatu, vinambana. Tulipofika mjini akasema kata kulia, na nikajikuta tena yadini. Alikuwa ameshampigia Bi. Pargeter simu. Boti lilikuwa limefungwa ukingoni kwa kamba mbili. Mama akavua kofia yake, akanipa niishike, akapanda. Akasimama nyuma pale ameshika kana kwa mikono miwili, amefumba macho, na Bi. Pargeter alipopanda naye boti likalala upande. Mama akatoa neno ambalo sikujua kama analijua. Lakini hakushuka. Baada ya muda akafumbua macho, akayatazama maji. Kisha akasema, "Fungua kamba."

Walikwenda mpaka darajani na kurudi. Alipotua nchi kavu alikaa kwenye majani na nguo zake za kanisani, akaomba chai yenye sukari nyingi. Shangazi, mama yangu ni mwanamke wa shoka. Nimeishi naye miaka arobaini na saba na nilikuwa sijui nusu yake.

Basi ninalokuomba ni hili: Baba hajui. Mama atatembea njia yote kama alivyosema, na pale mlangoni pa handaki badala ya kupanda kilima atapanda boti. Jumapili Baba akikupigia atakuambia handakini atashika Duncan na kwamba yeye hajali. Wewe mpe pole, kisha ufunge mdomo.

Nilimuuliza Mama kwenye gari kama hofu imemwisha. Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa swali la kipumbavu. "Imeniishaje? Naogopa mpaka meno yananiuma. Lakini nikipita zangu juu, mle gizani nani atamwambia Roland kushoto?"

Nisalimie sana binamu Heather na wanawe, na jirani yako Bwana Tibbs anayekuletea mayai. Duncan anakusalimu, na Mama anakuombea kila Jumapili, hata kama hukukaa kanisani. Mungu akuhifadhi, akupe siku njema na watu wema wa kuzijaza.

Mimi mpwa wako nikupendaye daima,

Rosalind