Vitu Tu, Bila Mtu

Mpwa wangu mpenzi,

Anayekuandikia ni mjomba wako yule yule ambaye lori lake likiingia mjini, hata askari wa barabarani huweka kofia sawa. Mimi ni mzima, kiuno tu ndicho kinachonong'ona. Sijui wewe na mguu wako. Plasta wameshaitoa? Mama yako bado anakufokea kwa kupanda ile ngazi mbovu? Mwambie kaka yake anamsalimu.

Kamera yako nimeitunza kama yai. Madereva wenzangu walinicheka, eti mtu mzima na kitambi chake anatembea na kidude cha plastiki cha kuchezea watoto. Nikawaeleza kwamba umeumia huwezi kusafiri, na mwalimu wako anataka picha za vitu vya kawaida vya safarini, vitu tu bila mtu, la sivyo hutundiki chochote kwenye maonyesho ya chuo. Wakaacha kunicheka. Mmoja hata alinipa utepe mweusi nizibe mgongo wa kamera, maana ulikuwa unapitisha mwanga.

Basi nikapiga. Kandambili za mlangoni. Ndoo ya bafuni. Nilipopiga ufunguo nilisahau kuzungusha filamu, ukaenda kukaa juu ya ndoo ile ile. Fundi wa studio alipoisafisha akaniita msanii. Sikumkatalia. Nilimwambia ndivyo tunavyofanya sisi wakongwe.

Ahsante sana, mama. Zamani nikifika gesti nilikuwa najitupa kitandani, nakodolea madoa ya dari hadi usingizi unihurumie. Siku hizi nazunguka chumba naangalia mwanga wa dirisha unavyokilalia kikombe, na upweke haunisogelei. Tena katika ukoo mzima ni wewe peke yako uliyethubutu kunikabidhi kitu chako.

Ndiyo maana hili linaniuma. Picha nzuri kuliko zote ni ya birika la gesti, limesuguliwa mpaka linang'aa kama kioo. Fundi aliitazama, akanigeukia. "Mzee, huyu aliyemo kwenye birika ni nani?"

Ni mimi. Nimo tumboni mwa birika, na fulana yangu. Hiyo usimpelekee mwalimu, nimeitenga. Zilizobaki ni safi, zinakutosha kutundika.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na huo mguu usiuharakishe. Fundi nilimwambia ni bahati mbaya tu. Wewe siwezi kukudanganya: kabla ya kubonyeza, nilichana nywele kwanza.

Mjomba wako,
Jemedari wa Barabara