Jiwe la Mama Pangoni

Kanazi, Ngara
11 Machi 1996

Dada yangu Jovina,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta hapo Nyarubungo ukiwa mzima, mtoto ananyonya vizuri, na wakwe zako hawakusumbui. Sisi huku tunapumua. Baba anasumbuliwa na magoti, shangazi Febronia analalamika kama kawaida yake, na mimi nipo, nimekonda kidogo, lakini si kwa ugonjwa. Mvua zimeanza na maharage yamesimama vizuri.

Barua yako ililetwa na yule dereva wa lori uliyempa pale Lusahunga. Nilicheka peke yangu niliposoma kwamba mtoto ana pua ya Mama. Baada ya miaka yote ile ya kuitwa tasa na watu wasio na haya, leo una binti! Padre amembatiza Nice, ni vizuri, lakini najua roho yako inataka jina la nyumbani, jina la Mama, Ineza. Unasema utakuja Pasaka umwingize pangoni, na umeniomba nikukumbushe taratibu, maana ulipokuwa msichana mambo ya pango uliyaona ya kizee.

Haya, nakukumbusha. Mwanamke wa ukoo wetu akifa, binti zake hulibeba jiwe lake la kusagia hadi pangoni na kulilaza kifudifudi, ili mwanamke mwingine asilitumie. Binti akipata mtoto wake wa kwanza, huja akaligeuza, akasaga juu yake ulezi kiganja kimoja, akampaka mtoto unga kwenye paji la uso na kumwita jina la bibi yake. Bila jiwe, jina halitolewi. Mama alikufanyia wewe hivyo kwenye jiwe la bibi, na nasikia ulipiga chafya watu wote wakacheka.

Sasa kaa chini, dada, maana pango uliloliacha silo hili. Tangu kambi zijae wakimbizi, mashirika nayo yamejaa wazungu, na mzungu wa Ngara siku ya Jumapili hana pa kwenda. Wa kwanza kuja kwetu alikuwa mtaalamu wa visima, mtu mrefu mwenye nyundo ndogo. Aligonga kuta, akatueleza kwamba kilima hiki chote zamani kilikuwa mchanga chini ya maji, mchanga ukakandamizwa mpaka ukawa jiwe, kisha maji ya mvua yakapenya kwenye nyufa na kulila jiwe kidogo kidogo hadi likapatikana pango. Ile mikunjo ya kwenye dari, ambayo sisi utotoni tulisema ni vidole vya aliyelisiriba pango, alisema ni alama za mawimbi. Sikatai, nilipenda kumsikiliza.

Basi akaja na wenzake, na wenzake wakaja na wenzao. Baba akapewa kofia na karabai, akawa mwenye pango. Mwanzoni alisema kweli tupu: kwamba babu zetu walijificha humo na ng'ombe wao wakati Wajerumani na Wabelgiji walipopigana, na masizi yale ni ya mioto yao. Wageni hawakushangaa vya kutosha. Baba akaongeza mfalme aliyezikwa humo, ambaye mimi sijawahi kumsikia tangu nizaliwe. Mwishowe mawe ya mama zetu nayo yakageuka kuwa mawe ya watu wa kale, yasiyo na mwenyewe, na Baba akawa anayamulika moja moja kama muuza nyanya anayeonyesha mafungu yake. Mkalimani wake alikuwa mumeo Xavery, ambaye siku hizo alikuwa bado kibarua wa kupakia magunia kwenye shirika la yule mtaalamu. Nilipomlalamikia Baba, alisema wageni wanataka hadithi, na hadithi haiwezi kuyadhuru mawe.

Kabla ya Krismasi shangazi aliingia kufagia, akakuta mahali pa jiwe la Mama ni patupu. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa mjamzito, na nilihofia hali yako. Tulilia kama tuliofiwa upya. Kijiji kizima kikasema ni wakimbizi, nani mwingine, wanapewa mahindi ya punje na hawana pa kusagia. Kulikuwa na mama mmoja wa kambini aliyekuwa akitupalilia kwa ndizi, mtu mpole, mtoto mgongoni. Majirani walimsimamisha njiani, wakamfungua mzigo wake na kuumwaga chini, wakamwita mwizi mbele ya Baba. Baba aliangalia miguu yake mwenyewe. Mimi nilidhani ni majonzi, jamani, nikamhurumia! Yule mama hajarudi tena.

Juma lililopita nikaijua kweli. Mtaalamu wa visima amemaliza mkataba wake na kurudi kwao, akamwachia Baba bahasha ya picha, za kumshukuru. Baba haoni vizuri siku hizi, akaniita nimsimulie zilizomo. Nikamsimulia: hapa umeshika taa, hapa ni dari, hapa ni wageni wamekaa wanakula mikate yao. Halafu nikaishika moja, nikaisogeza mlangoni penye mwanga. Baba yuko mlangoni mwa pango, anampa yule mtaalamu jiwe la Mama kwa mikono miwili, kwa heshima zote. Nimelitambua kwa ile pembe iliyovunjika siku ulipoliangusha ukamsingizia mbuzi. Kando yao amesimama Xavery, anacheka, meno yote nje.

Nilimuuliza Baba, na hakukataa. Alisema Xavery alimjia akiwa amekata tamaa, kwamba shirika linatafuta dereva, wenye vyeti ni wengi, na yule mtaalamu ana sauti huko ofisini na jiwe lile amelipenda mno. Alisema wewe ulikuwa ukiandika kwamba mnalala njaa. Alisema Mama hali tena, Jovina anakula. Hivyo ndivyo alivyoniambia. Na Xavery ndiye aliyemtafsiria mgeni kwamba jiwe halina mwenyewe. Mzungu wa watu alidhani amepewa zawadi, akashukuru, akaenda nalo kwao.

Kwa hiyo, dada, ile kazi ya udereva tuliyomshukuru Mungu kwa ajili yake, na misa tukaiombea, ilinunuliwa kwa jiwe la Mama. Naamini hukujua. Kama ulijua, nisamehe kwa kukuamini. Picha nimeitia humu ndani, mwonyeshe mumeo, umuulize kilichomchekesha.

Ningeweza kuishia hapo, lakini lipo baya zaidi. Baba aliposikia kwamba unakuja, alishuka bondeni na magoti yake hayo hayo, akaokota jiwe linalofanana, akalivunja pembe, akalilaza kifudifudi mahali pale pale. Kisha akatangaza kwamba wakimbizi wameingiwa na woga wakalirudisha. Shangazi Febronia alipiga vigelegele hadi majirani wakaja. Wale wale waliomwaga mzigo wa yule mama sasa wanajisifu kwamba bila wao jiwe lisingerudi. Baba amenisihi nifunge mdomo, eti umesubiri mtoto muda mrefu, kwa nini nikuharibie furaha, unga ni unga. Nimekasirika, Jovina, sijawahi kukasirika hivi, nampakulia chakula bila kumtazama usoni. Naye anakula, tena anaomba kuongezewa.

Ukija Pasaka atatangulia na karabai. Atakushika mkono pale penye utelezi, atakuonyesha mawimbi kwenye dari, kisha atakufikisha kwenye jiwe na kukuambia kwamba ni la mama yako. Atakueleza vizuri sana, amezoea. Ukitaka kuligeuza na kusaga, saga, mtoto ni wako na baba ni wetu sote, sitakuumbua mbele ya watu. Ila mimi sitaingia. Nitakaa nje na wageni wanaosubiri zamu yao.

Wasalimie wakwe zako. Xavery usimpe salamu zangu, hata akiziulizia. Shangazi anakusalimu sana na ameshatenga ulezi wa siku hiyo, ameupepeta mwenyewe na kuuanika. Baba naye anakusalimu, na anauliza mtoto ataitwa nani. Nimemjibu kwamba anaitwa Nice.

Ndimi mdogo wako,
Koleta