Kidole cha mama na vidole vya watoto wetu

Jumapili mchana, Titye. Mvua imekatika, ukungu bado umekaa migombani.

Mnisamehe kwa ukimya huu mrefu. Mwanangu Ezra alikuwa na homa, maharage yalikuwa yanasubiri jembe, na simu yangu siku nyingi haikuwa na chaji. Ila niseme ukweli: sikutaka kuandika jambo la mama yangu kabla hajaniruhusu. Sasa ameniruhusu. "Andika," kaniambia kwenye simu. "Mimi sikuiba."

Basi naandika.

Mama anaishi wilaya ya Kibondo, kijiji kilicho jirani na kambi ya wakimbizi ya Nduta. Kambi ilipofunguliwa tena alipata rafiki, dada mmoja Mrundi aliyekuwa anakuja kulima naye. Yule dada akajifungua mapacha. Kwetu mwanamke akiwa kiriri, yaani bado yuko kitanda cha uzazi, hatoki kubeba mizigo. Jirani ndiye anasimama badala yake. Anamchotea maji, anamkatia kuni, anamfuatia kila kilicho chake. Mama akasimama foleni ya mgao wa chakula kwa niaba ya rafiki yake. Hakuna aliyemuuliza katoka wapi, maana Kiha chake na Kirundi chao vinasikilizana. Akaambiwa weka kidole kwenye mashine, akaweka. Kwake ilikuwa kama kuombwa ndoo na jirani.

Mwaka huu kaenda kufuatilia hati ya shamba lake. Mashine imesoma kidole, ikasema huyu ni mkimbizi. Kitambulisho kimezuiwa, na bila kitambulisho hati hapati. Shamba alilorithi kwa baba yake, alilonilea nalo mimi, linaweza kuandikwa jina la mtu mwingine hivi hivi anaangalia.

Hapo ndipo nilipoamka.

Kwa sababu na huku Titye watu wa wilaya walikuwa wanatuletea mpango mpya: kila mama anayeleta mtoto kliniki aweke vidole na kupigwa picha, yeye na mtoto, vyote viingie kwenye kompyuta moja. Tukauliza, mkinikosea nitasahihishiwa wapi? Mahali hapo hapakuwepo. Basi sisi tunaokutana kwenye mizani ya watoto tukaanza kupita nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzetu wasubiri, wasitoe vidole kwanza. Nimezunguka na Ezra mgongoni mpaka miguu imevimba. Kuna siku nilikaa kando ya njia nikalia, uchovu tu. Nikajifuta na khanga, nikaenda kupiga hodi nyumba iliyofuata.

Juzi ukaitishwa mkutano wa kijiji. Ofisa aliyekuja ni kijana mpole, kaeleza vizuri, simsemi vibaya. Nilipoomba nafasi ya kuzungumza, mzee mmoja wa mbele akadakia, "We Mama Ezra, kama huna cha kuficha, kidole kinakuwasha nini?"

Watu wakacheka.

Mama Bukuru, muuza dagaa wetu, akainuka kabla yangu. "Shikamoo mzee wangu. Haya, wewe usiye na cha kuficha, tutajie hapa namba ya siri ya simu yako, tuisikie wote!"

Mawe, mama yangu wee! Mkutano ulilipuka. Hata mzee mwenyewe alicheka akashika mfuko wa koti.

Ndipo nikasimama, nikaeleza habari ya mama mwanzo mpaka mwisho. Sikupaza sauti. Nikamwambia yule ofisa, "Kaka yangu, sikatai kujulikana. Kijiji hiki kinanijua mpaka sufuria zangu. Nakataa kujulikana na kitu ambacho siwezi kukiambia umekosea."

Ikaitwa kura, mikono ikanyooka. Iliyopinga ilikuwa michache, na ya yule mzee haikuwemo. Mwenyekiti akaandika kwamba hakuna mama atakayetoa kidole, chake wala cha mtoto, mpaka wilayani pawe na mahali pa kusikiliza na kurekebisha makosa. Na mtoto asifukuzwe kwenye mizani kwa ajili hiyo. Ofisa kasema ataupeleka uamuzi huo wilayani. Hakuahidi zaidi. Ila alinivuta pembeni akaniambia nimpeleke mama mbele ya kamati ya wilaya kule Kibondo, ajieleze, Alhamisi ijayo.

Naogopa? Kidogo. Lakini naamini tutashinda, kwa sababu mama hana uongo wa kukumbuka. Anachotakiwa kueleza ni kile alichofanya.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, bado nahitaji mnitumie hivi:

Cheti cha ubatizo cha mama. Kaka, unacho wewe. Kipige picha pande zote mbili, pasiwe na kivuli.

Picha ya mama akiwa shule ya msingi. Iko kwa shangazi kule Muyama, aliye karibu naye amsaidie kuituma.

Jina na namba ya mtu yeyote aliyesimama foleni kwa ajili ya mzazi aliye kiriri kule Nduta, na leo mashine inamkataa. Haiwezekani mama awe peke yake.

Sauti ya yule dada wa mapacha. Nasikia alirudi Burundi. Anayemjua amwambie arekodi tu, Kirundi kinatosha, aseme nani alimletea unga.

Na mtu mmoja pale Kibondo mjini wa kunishikia Ezra hiyo Alhamisi. Nataka niingie mle ndani nimemshika mama mkono.