Viatu vya Kasingirima

Mke wangu Zuhura,

Huku Kigoma mvua imeshika, samaki wa migebuka ni watamu. Leo mtaa wa Kasingirima nilimpandikiza mbuzi wa Mama Riziki mbegu za dume, kisha akanikaribisha ndani tule.

"Mbegu zikishafika si basi?" akauliza.

Nikamweleza kwamba zikifika bado haziwezi kitu. Humo tumboni mwa jike zinavuliwa mafuta ya juu, protini zake zinapeana ishara, ndipo zinaweza kutungisha mimba.

Akaviangalia viatu vyangu mlangoni, akacheka: "Kumbe nazo zinavua viatu kwanza!"

Kula vizuri, mke wangu. Daktari alishasema sote wazima. Mawifi zako wakikuuliza tena mtoto yuko wapi, waambie yuko barazani, anavua viatu.

Mumeo,
Shabani