Vitambaa Vyeupe vya Lokobe

Andoany, Alhamisi. Mvua haijapumua tangu alfajiri. Dirisha la ofisi limevimba kwa maji, halifunguki, nami nimeshinda ndani kama mzigo uliosahauliwa forodhani.

Naandika kwa Kiswahili cha babu yangu, ambacho kwetu Mahajanga kimebaki cha dua na biashara. Ofisini hakuna anayekisoma. Ndiyo maana.

Nataka niyapange mambo, labda nitaona pa kutokea.

Serikali ya Wafaransa imeufunga msitu wa Lokobe. Hakuna kukata mti, kuchoma mkaa wala kutega komba. Mkubwa wangu, Musyu, aliniamuru nitie alama miti ya mpakani. Rangi ilikuwa haijaletwa kutoka Mahajanga, nami nikaogopa kumwambia kwamba kazi itasubiri. Nikachukua bafta nyeupe ya ghalani, nikaichana vipande, nikaifunga kwenye kila shina.

Mimi ni mtoto wa mjini Mahajanga, wa mtaa wa Tsaramandroso. Sikuwaza.

Watu wa hapa huuvisha mti nguo pale mizimu ya wafalme wao inapokaa. Nguo zake ni mbili, nyeupe na nyekundu.

Haukupita muda nikakuta asali na ndizi chini ya miti yangu. Watu wanavua viatu wakifika pale, na hakuna anayevuka. Hata Tombo, mwana wa Dadi Soa, bibi anayenipangisha chumba, ameacha mkaa wake na sasa anavua kaa. Komba wanashuka hadi mpakani, madume meusi na majike wa hudhurungi wenye watoto walioning'inia tumboni. Wanakula zile ndizi, na watu wanasema wazee wa mizimuni wamepokea. Juzi nilimwona kinyonga asiyezidi ukucha wa kidole gumba, amelala juu ya kitambaa.

Musyu amefurahi sana. Anadhani wanaogopa sheria yake.

Nami nimenyamaza. Nikimwambia, atasema kerani wake amezusha ibada na kukusanya watu bila kibali. Jela naijua, naipita kila asubuhi. Nisipomwambia, kila ndizi inayowekwa pale iko shingoni mwangu, mimi niliyehitimu Kurani mbele ya mama yangu.

Jana nilijaribu kumweleza Dadi Soa.

“Dadi, vile ni vitambaa vya ofisi. Nilivifunga mimi.”

“Najua ni wewe. Tulikuona, ukitetemeka kama kuku aliyelowa.”

“Ilikuwa amri ya Musyu.”

“Musyu anadhani aliyekutuma ni yeye.” Akanisogezea sahani. “Kula wali, umekonda.”

Nimesema kweli, na haikunisaidia kitu.

Leo chombo kimeleta rangi. Musyu amesema kesho vitambaa vyote vitolewe na miti ipakwe, naye atasimama pale aone. Watu nao watakuwepo, maana hakuna siku hawapo. Nikiivua ile miti nguo mbele yao, watanilaani. Hilo naweza kulibeba. Nisiloweza ni la Tombo. Akiona kwamba ile ni miti tu, atarudi na shoka lake, atakamatwa, atapelekwa kuponda mawe barabarani. Na mama yake ataendelea kunipikia.

Nilifikiria kurudi Mahajanga na chombo kilekile. Bila ruhusa yenye mhuri sivuki hata gati.

Paa la ofisi linavuja, kwa hiyo jioni nilibeba debe la rangi hadi hapa nyumbani. Nilikuwa sijalifungua. Dadi Soa alilifungua kwa kisu cha jikoni ili aone kama maji yameingia.

Nyekundu.

Akavua ndara zake, hapo hapo jikoni kwake.

“Ah,” akasema. “Na nyekundu wamekuletea.”

Musyu anataka nyekundu. Dadi Soa anataka nyekundu. Mimi tu ndiye nisiyejua kesho nitakuwa ninamtumikia nani, na hakuna wa kumuuliza.

Nimeamua jambo moja dogo. Musyu alisema nitoe, kisha nipake. Nitapaka kwanza, ndipo nifungue vitambaa. Nikiulizwa nitasema ni kwa sababu ya mvua.

Mti usibaki uchi, hata kwa muda mfupi.