Nilikula bukari yao

Jumanne. Upepo wa kiangazi umeanza tangu asubuhi, vumbi jekundu limeingia mpaka chini ya vitufe vya kompyuta yangu, na mimi nimechoka na watu. Nimechoka na wa kwetu kuliko wa nje. Naandika hapa kwa sababu nikisema nyumbani nitaambiwa ninyamaze, na leo kunyamaza kumenishinda.

Kwa mnaofika hapa mara ya kwanza: dada yangu mkubwa, tuliyemwita yaya Kapinga, aligongwa na jeep kwenye barabara ya Mutoshi akafa pale pale. Alikuwa mwalimu kule. Alikuwa amesimama nje kabisa ya lami, anangoja taxi-moto ya kumrudisha nyumbani Manika, hapa Kolwezi. Aliyemgonga alikuwa anashindana na rafiki yake, kila mmoja na jeep yake, nani atafika mjini wa kwanza. Polisi waliokwenda kuuchukua mwili walisema mshale wa spidi ulikuwa umekwama kwenye mia moja na sitini. Pale wanapita watoto wa shule, wamama wenye mabeseni kichwani, wachimbaji kwenye baiskeli.

Mia moja na sitini.

Sheria inakiita kitendo kile kuua kwa kukosa uangalifu. Mimi kazi yangu ni kuwachapia watu barua, nina kibanda karibu na ofisi za Manika, kwa hiyo maneno hayo nimeyaandika sana. Lakini kukosa uangalifu ni kusahau chungu motoni. Mtu anayekanyaga mafuta mpaka mwisho mbele ya shule hajasahau kitu, ameamua. Asubuhi hii redioni walikuwa wanabishana juu ya hilo. Wengine wanataka anayeua kwa mwendo wa namna hiyo ahukumiwe kama aliyeua kwa kusudi, akae gerezani miaka mingi, asishike usukani tena maisha yake. Nilipiga makofi peke yangu. Mteja aliyekuwa anangoja barua yake ya kuomba kazi akaniangalia.

Hapo ndipo tata mudogo alipoingia. Ni mdogo wa marehemu baba yangu, na sasa ndiye mkubwa wa familia. Alikuwa na karatasi ya daftari aliyoiandika kwa mkono: barua kwa parquet, kwa mwendesha mashtaka. Sisi familia ya marehemu tumesamehe, yalikuwa mapenzi ya Mungu, hatuna neno tena na dereva. Alitaka niichape vizuri, nitie sahihi chini ya ile yake, ifike kabla ya kesi siku ya Ijumaa.

Sasa niungame. Barua kama hiyo nimechapa mara nyingi kiasi kwamba imo ndani ya kompyuta tayari. Watu wanakuja na kitambaa cha msiba kichwani, nabadilisha majina, natoa karatasi, namwita anayefuata. Sikuwahi kuuliza marehemu alikuwa nani. Mwendesha mashtaka anaweza kuendelea hata kama familia imesamehe, lakini hapa kwetu barua ile ikifika, faili linalala usingizi wa pono, na dereva anarudi barabarani. Ninapolalamika kwamba sheria ni nyepesi, nikumbuke mikono iliyokuwa inachapa ni yangu.

Nikamwambia tata mudogo kwamba hii siwezi. Hakukasirika. Aliniangalia kwa huruma, na hiyo ndiyo iliyoniudhi zaidi. Kwake yeye, mambo kati yetu na familia ya dereva yalikuwa yamekwisha.

"Mwana, shiye na bale bantu ilishaisha. We mwenyewe ulikula."

Ndiyo. Nilikula.

Siku ya tatu ya kilio, familia ya dereva walikuja. Wanaume wameshika kofia mkononi, wamama miguu mitupu, na nyuma yao magunia ya unga na mbuzi. Ni desturi, na siikatai, kwa sababu aliyekosa hafai kuja mikono mitupu kwa aliyefiwa. Lakini desturi hiyo ina pacha wake: huli chakula cha mtu mwenye kesi na wewe. Ukila, umeifunga kesi. Wamama wa kwetu waliyaweka magunia pembeni wakingoja mkubwa aseme, na tata mudogo akasema yapikwe. Mimi maneno hayo sikuyasikia. Nilikuwa nimelala chini chumbani, siku mbili bila kitu tumboni. Nilipotoka uani, wamama nisiowajua wakanisogezea nafasi kwenye mkeka, jirani akanishikisha sahani ya bukari, ugali wetu, na ndakala, vile visamaki vikavu. Sikuuliza unga ni wa nani. Kwenye kilio nani anauliza? Nilikula kama mtu aliyetoka shamba, nikalamba na vidole. Shemeji wa dereva akanipiga picha kwa simu.

Picha hiyo sasa imo ndani ya faili. Wakili wao ameiweka kuonyesha kwamba tumepatana: mdogo wa marehemu, katikati ya wamama wa familia ya dereva, mkono ndani ya sahani. Kila nikiikumbuka natamani kujipiga kofi.

Tata mudogo akavuta kiti, akashusha sauti ingawa kompyuta ilikuwa inaunguruma na hakuna aliyemsikia.

"Bale ni ba hapa. Shiye tuko bantu ya kurudia. Muntu ya kurudia hapelekake mwenye inchi ku tribunal."

Najua kwa nini anaogopa sisi tuliorudi kumpeleka mwenyeji mahakamani. Nilikuwa na miaka saba tulipofukuzwa hapa mjini, sisi wenye asili ya mkoa wa Kasai. Kampuni ya migodi ilikuwa inaanguka, mishahara haitoki, na wanasiasa wakawaambia watu kwamba sisi ndio tuliokula kazi zao. Majirani tuliochota nao maji kwenye bomba moja walikuja kung'oa milango ya nyumba yetu, sisi tukiwa bado ndani. Tukaenda kulala gare, kwenye kituo cha treni, majuma na majuma, tukingoja treni ya kutupeleka Kasai, ambako baba yangu hakuwahi kukanyaga. Baba alikufa kwa kuhara juu ya godoro pale gare. Tata mudogo ndiye aliyemchimbia kaburi. Hakuna mtu aliyeulizwa juu ya kifo kile, wala siku ile wala baadaye. Tuliporudi Kolwezi tulirudi tukiongea chini chini, na tata mudogo hajaipandisha sauti mpaka leo. Anasamehe kabla hajaombwa.

Ninampenda mzee huyu. Ananichosha.

Nikamwambia dereva alikuwa bado hajazaliwa wakati wa gare. Nikamwambia kabila la yule bwana halikumuua yaya, mguu wake ndio uliomuua, na tukiacha kesi kwa sababu ya woga basi tusiuite msamaha. Sauti yangu ilipanda, wateja wakageuka kuangalia ukuta. Sijawahi kumpandishia sauti mkubwa wangu. Naona aibu, na hasira bado ninayo.

Akaikunja karatasi yake mara mbili.

"Kama njo bile, utaenda peke yako. Mi sitakuya."

Alipofika mlangoni akageuka. "Na bakikuuliza juu ya ile picha?"

Akaondoka, nami nikabaki nimekaa, foleni inanitazama. Yule wa barua ya kazi akakohoa. Nikamwomba angoje kidogo, nikafungua ukurasa mweupe, si ule wa siku zote, nikaandika barua moja ambayo sikuwahi kuandika mfano wake. Nilifuta, nikaandika tena. Saa nane nilifunga kibanda nikaipeleka parquet mwenyewe. Karani aliisoma nusu, akainua macho.

"Mama, mais familia yenu si ilishasamehe?"

Nikamwambia aipige muhuri. Akapiga.

Sijui jaji atatoa adhabu gani. Sheria iliyoko ni hiyo hiyo nyepesi, maneno ya redioni bado ni maneno tu. Huenda yule bwana akatoka kabla nguo zangu za msiba hazijachakaa. Na tata mudogo, sijui kama Jumapili atanipa mkono kanisani.

Lakini swali lake nimelijibu, kwenye mstari wa kwanza, kabla hata ya kutaja jina la yaya: picha ni ya kweli, nilikula, nilikuwa na njaa, na sijasamehe. Ijumaa nitayarudia maneno hayo kwa mdomo wangu, hata nikiwa peke yangu kwenye benchi.