Maharagwe ya Novemba

Vårby gård, Novemba 2006

Dada Josiane,

Pokea salamu kutoka huku ambako mwaka huu baridi ilikuwa imesahau njia. Mtofaa wa jirani ulichanua tena kana kwamba ni Mei. Watoto wazima; nawasemesha Kiswahili, wananijibu Kiswidi.

Mdogo wako Désiré bado amelazwa hospitali ya Flemingsberg. Mwezi wa tisa aliniambia, "Kwetu Butembo mvua imeanza. Panda maharagwe." Nikapanda kwenye kibustani chetu. Jirani, mzee Mswidi, alinitazama kama mwehu. Lakini yakaota, dada, yakatoa na maua! Kila nikienda kumwona mume wangu, anauliza maharagwe kwanza, dawa baadaye.

Daktari amesema dawa hazimsaidii tena. Noeli kwake ni mbali.

Juzi usiku baridi kali ikashuka. Asubuhi nikakuta maharagwe yote yamelala chini, meusi kama yamechemshwa. Mchana Désiré akauliza. Nikamjibu yameanza kutoa maganda.

Akacheka, mara ya kwanza tangu alazwe. Ameniomba nimwekee mbegu za kupanda Machi.

Mama usimwambie bado.

Wifi yako,
Kahindo